Baba mkubwa anaogopa mteremko, mtoto anataka magurudumu ya kaboni

BARUA

Mama Mshauri, jambo.

Ninaandika kutoka Bukavu, upande wa Kadutu. Nina miaka 52. Ni fundi wa baiskeli tangu ujana wangu, na kila Jumapili asubuhi ninatoka na vijana kumi na wawili wa kikundi chetu cha mbio. Wengine wataona shida yangu ni ndogo, lakini wiki tatu hizi silali vizuri.

Kati ya vijana hao kuna msichana wa miaka 19. Ni mtoto wa mdogo wangu, aliyefariki miaka sita iliyopita. Siku zake za mwisho, pale hospitalini, alinishika mkono akaniambia: "Yaya, huyu nakuachia wewe." Kwetu yaya ni kaka mkubwa. Nilimchukua nyumbani, amekua pamoja na watoto wangu. Baiskeli nilimpa mimi, ya mtumba kutoka Ubelgiji, fremu ya alumini, gia kumi nyuma, breki za kubana janti, ile pete ya nje ya gurudumu. Nilidhani ataendea shule tu. Leo kwenye kupanda hakuna mvulana wa kikundi anayeweza kukaa nyuma yake.

Baada ya miezi miwili kuna mashindano ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda, naye amealikwa. Wenzake walichanga kwa likelemba, ule mchango wa zamu, zikapatikana dola 480 za kumnunulia magurudumu, maana haya ya sasa yanakaribia kilo mbili hata kabla ya kuvishwa matairi. Yeye amekwisha kuchagua. Anataka ya kaboni, aina ya klincha, ile inayovaa tairi la kawaida na mpira wa ndani, janti yenye kina cha milimita 50. Anayeyauza ni kijana wa Kamembe, upande wa Rwanda, ambaye amehamia baiskeli ya breki za diski, zinazobana sahani ya katikati badala ya janti. Bei ni dola 450. Vibandiko vimeng'olewa, kwa hiyo aliyeyatengeneza hatumjui. Nilitoa avansi, malipo ya kwanza, ya dola 50 ili asiyauze kwa mwingine, na tangu siku ile roho yangu haijatulia.

Sababu ni hii. Julai mwaka jana, siku kavu yenye jua, tulikuwa tunashuka kutoka msitu wa Nyungwe, huko Rwanda. Mimi nilikuwa nyuma kwenye pikipiki. Mbele yangu kulikuwa na bwana mmoja mwenye magurudumu ya kaboni ya namna hii hii. Nilisikia tairi linapasuka, nikamwona anaruka. Alivunjika mfupa wa bega. Nilipookota gurudumu lake, janti ilikuwa imevimba ubavuni kama chapati iliyojaa hewa, na iliniunguza vidole. Mimi nimenyoosha janti za chuma na za alumini miaka thelathini. Kitu kama kile sikuwahi kukiona.

Binamu yangu anakuja kutoka Brussels mwisho wa mwezi. Anaweza kuniletea ndani ya mizigo yake magurudumu mapya ya alumini, kilo moja na nusu na ushei, kama dola 400. Nilipomweleza mtoto, alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Baba mkubwa, wewe unaniona bado mdogo. Wote watakuwa na kaboni, mimi peke yangu nitaonekana nimetoka kijijini. Na Bernal, yule wa Kolombia, si alishinda Tour de France mwaka 2019 na breki kama zangu, kwenye milima mikubwa kuliko hii?" Sikuwa na jibu. Kikundi kimegawanyika. Mke wangu anasema pesa ni za vijana, waamue vijana.

Nikikataa, ninaona kama ninamvunja mabawa. Nikikubali, akaanguka, nitamwambia nini mdogo wangu?

Baba mkubwa, Bukavu

JIBU

Papa mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma polepole pale uliposema janti ilikuunguza vidole. Mtu aliyeshika kitu kama kile halaumiwi kwa kuogopa. Kabla ya kukujibu niliwatafuta mafundi wawili waliowahi kuhudumia timu za mbio, nikawauliza kila nisilolijua, kwa sababu mambo ya moyo na mambo ya chuma yamechanganyika katika barua yako na sikutaka kukujibu nusu.

Kama nimekuelewa, unaulizwa uchague magurudumu, lakini wewe unasikia unaulizwa kama utalinda ahadi uliyoitoa kando ya kitanda cha mgonjwa. Maswali haya yanagusana, ila si swali moja. Niruhusu niyatenganishe kidogo, nianze na lile la magurudumu.

Yule bwana wa Nyungwe. Breki ya kubana janti inageuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lote linaingia ndani ya janti yenyewe. Fikiria mtoto wetu: kama ana kilo 54, na baiskeli, maji na nguo ni kilo 10, basi anaposhuka mita 500 kwenda chini, nishati inayohitaji kwenda mahali fulani ni karibu ile ya kuchemsha lita moja ya maji baridi kwenye birika. Upepo unachukua sehemu. Inayobaki inaenda kwenye breki, na kadiri anavyoshuka taratibu huku akibana, ndivyo upepo unavyochukua kidogo na janti kubebeshwa zaidi. Alumini inasambaza joto hilo haraka na kulitoa hewani. Kaboni haisambazi vizuri; joto linakaa pale pale raba za breki zinapobana. Nyuzi za kaboni zenyewe hazina neno, bali gundi inayozishikamanisha, resini, ina kiwango chake cha kulegea: za kawaida kati ya nyuzi joto 120 na 150 za Selsiasi hivi, zile za gharama hufika 200 na zaidi. Na klincha ina jambo lake la ziada. Hewa ya tairi inasukuma kuta za janti kwenda nje muda wote. Resini ikilegea wakati kuta zinasukumwa, ukuta unavimba. Ndicho ulichokiokota.

Sasa nikuulize kwa upole. Bwana yule alikuwa na uzito gani? Kama alikuwa na kilo 85, yeye na baiskeli yake walibeba chini nishati mara moja na nusu ya ile ya mtoto wako kwenye mteremko ule ule. Alikuwa anashika breki bila kuachia? Matairi alikuwa ameyajaza hewa kwa shinikizo la bar ngapi? Je, raba zake zilikuwa za kubania kaboni au zile za kubania alumini alizozikuta kwenye baiskeli? Sisemi hivi ili nikuondolee hofu. Nasema kwa sababu uliona tukio moja, nalo lilikuwa na sababu nne au tano ndani yake, na sababu nyingine unaweza kuzishika kwa mikono yako.

Upande wa mtoto, na yeye ana jambo la kufikiri. Ni kweli Bernal alishinda mwaka 2019 kwa breki za janti. Lakini timu nyingi za kulipwa za enzi zile zilipanda milima na kaboni ya boyo, lile tairi linalogundishwa juu ya janti. Boyo halina kingo zinazosukuma kuta kwenda nje, kwa hiyo janti yake inavumilia joto kwa namna nyingine. Picha za mbio zile zinaonyesha kaboni. Hazionyeshi kwamba ndani yake hakuna klincha. Mwambie hivyo kama fundi anayemwambia fundi mwenzake, usimwambie kama mzazi aliyepata hoja ya kumshinda.

Pia nina wasiwasi na neno "salama" unalolitumia kwa alumini. Wewe unajua kuliko mimi tope la Bukavu linafanya nini. Kuanzia Septemba mvua zikinyesha, mchanga unaingia kati ya raba na janti, unasaga alumini kama msasa. Kuta za alumini zikiisha, nazo hupasuka, na hazichagui mahali. Janti ya mbele anayoitumia leo uliipima lini mara ya mwisho? Pitisha kidole uone kama imeingia ndani kama sahani. Huenda hatari unayoiogopa kesho imekwisha kukaa kwenye baiskeli yake leo.

Je, faida ni ipi? Tuseme anapunguza gramu 400. Kwa msichana wa uzito huo, katika kupanda kwa nusu saa kwa nguvu ile ile, ni sekunde kama 11, hazizidi hapo. Usizidharau, kuna mbio zinazoamuliwa na chini ya hizo. Lakini angalia kwamba magurudumu ya binamu yako yanamletea karibu gramu zile zile. Kinachobaki upande wa kaboni ni kina cha janti, kinachokata upepo vizuri kwenye tambarare na kwa mwendo mkubwa. Milimita 50 mbele, kwa mtu mwepesi, zina bei yake: upepo wa ubavuni unasukuma usukani. Barabara inayofuata Ziwa Kivu upande wa Rwanda ina kona ambazo unatoka nyuma ya kilima, upepo unakukuta mara moja. Ametembea na janti za kina kirefu hivi siku gani ya upepo? Kama hajawahi, miezi miwili ni muda wa kujifunza, ila ni muda mfupi.

Sasa njia zilizoko mbele yenu, na kila moja na uzito wake.

Ukiyachukua yale ya Kamembe, usiogope bei yake peke yake. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa, UCI, liliruhusu diski moja kwa moja katika mbio za barabarani, na tangu hapo watengenezaji wengi wamehamia huko. Magurudumu mazuri ya breki za janti yanauzwa rahisi kwa sababu wenyewe wamebadilisha baiskeli, si lazima yawe na ubovu. Linalonisumbua ni vibandiko vilivyong'olewa. Bila jina huwezi kujua resini yake ni ya namna gani wala kikomo chake cha hewa. Mwulize muuzaji kwa nini aliving'oa, na umsikilize anavyojibu. Halafu vua matairi, uziweke janti kwenye mwanga wa jua. Weka ukingo ulionyooka wa rula juu ya sehemu ya kubania, uone kama kuna bonde au nundu. Pima upana kwa kipimo cha fundi katika sehemu nane kuzunguka janti. Tofauti ikionekana, acha. Gonga kwa sarafu taratibu ukizunguka. Sauti ikibadilika kutoka kali na kuwa nzito kama ya mbao iliyooza, tabaka zimeachana ndani. Kagua kingo zinazoshika tairi. Kisha yajaze, yalale usiku mmoja, asubuhi upime tena upana ule ule.

Kuna vipimo vingine vinavyoweza kuwamalizia mjadala hata kabla ya kugombana. Gurudumu la nyuma la baiskeli yake linataka habu, kile kitovu cha gurudumu, ya milimita 130. Kaseti yake, lile rundo la meno ya nyuma, ya gia kumi ikikaa kwenye habu ya gia kumi na moja inahitaji pete ya kujaza nafasi ya milimita 1.85, bila hiyo kaseti itacheza. Janti nyingi za siku hizi ni pana, tairi la milimita 25 linavimba kufikia 27 likivaa janti yenye nafasi ya ndani ya 19, na uma wa fremu ya zamani unaweza kukosa pa kulipitisha. Jaribu kabla ya kumaliza kulipa. Na spoki: kama ni nyembamba za bapa zenye vichwa vilivyofichwa ndani ya janti, ikikatika moja utaipata wapi hapa Bukavu, na siku ngapi?

Raba za breki ziwe za kaboni tu. Shimano wanazo, SwissStop wanazo, na wengine. Raba zilizokwisha kubana alumini zisiguse kaboni hata mara moja, kwa sababu chembe za alumini zinabaki ndani yake na kuchimba janti. Hapo kuna jambo dogo linalosahaulika siku ya mbio: akipasukiwa, mwenzake akampa gurudumu la alumini, raba nazo zimeshakula alumini. Mpira wa ndani uwe wa butili, usiwe wa lateksi. Watengenezaji wengi wa janti hizi wanaukataza wa lateksi kwa sababu ya joto. Hewa isizidi. Kwa uzito wake bar 5.5 zinatosha, hana haja ya 8, kama labda alivyojaza yule bwana.

Mvua nayo usiisahau. Kaboni iliyolowa, mizunguko ya kwanza haishiki, halafu inashika yote kwa pamoja. Mtu aliyezoea alumini anabana zaidi akidhani breki hazifanyi kazi, na zinaposhika anateleza.

Ukichukua ya alumini ya binamu yako, unapata utulivu wa mteremko, raba za dukani, spoki ambazo fundi yeyote anazielewa. Unachokilipa ni kile kimya chake. Nakuomba usikichukulie kama ukaidi. Msichana aliyelelewa nyumbani kwa baba mkubwa, anayekwenda kusimama kwenye mstari na watu wasiomjua, anaposema "nitaonekana nimetoka kijijini," anaongea jambo kubwa kuliko gurudumu. Pengine anataka mtu amwone kuwa mshindani, na anadhani kaboni ndiyo itakayosema hivyo kwa niaba yake. Huenda kuna njia nyingine ya kumwambia kwamba wewe tayari unamwona hivyo. Umewahi kumwambia waziwazi? Barua yako mimi imeniambia. Yeye sijui kama amewahi kuisikia.

Kuna na njia za katikati. Yapo magurudumu yenye sehemu ya kubania ya alumini na koti la kaboni juu yake. Ni mazito zaidi ya kaboni tupu, lakini joto linaenda kwenye alumini na umbo linakata upepo. Binamu yako anaweza kuyatafuta ya mtumba huko aliko. Au kaboni nyuma na alumini mbele. Breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa na ndiyo inayopata joto zaidi, na gurudumu la mbele ndilo linalosukumwa na upepo. Raba zitakuwa aina mbili, mbele ya alumini na nyuma ya kaboni, na lazima fundi asizichanganye. Hatari ya njia hii ni kwamba huenda mkalipia jozi nzima ili mtumie nusu, na kwa dola 480 za likelemba vijana watauliza.

Ile avansi ya dola 50, iache ikae pembeni unapofikiri. Inauma, lakini ukilipa dola 400 zilizobaki kwa ajili ya kuokoa 50, hesabu imekutawala wewe. Unaweza kumwomba muuzaji arudishe, au akupe muda wa kukagua. Hilo nalo litakuonyesha ni mtu wa namna gani.

Jambo moja nitalisema kwa nguvu kidogo, Papa, kwa sababu linafaa kwa gurudumu lolote mtakalolichagua. Jumapili nne zijazo nenda naye kwenye mteremko, wewe na pikipiki yako. Umwangalie mikono. Anayeshika breki kuanzia juu hadi chini anapika janti, iwe ya alumini au ya kaboni. Afundishwe kubana kwa nguvu muda mfupi kabla ya kona, breki zote mbili, kisha aachie kabisa ili hewa ipoze. Chini, mguse janti nyote wawili kwa ncha ya kidole, kwa tahadhari. Aijue mwenyewe. Kile kilichokuunguza wewe kiwe kitu anachokielewa kwa mkono wake.

Na ahadi yako kwa mdogo wako. Sikuwepo pale hospitalini na siwezi kukufasiria maneno yake. Ninachokiona ni kwamba alimwacha mtoto wa miaka 13, na anayekuomba magurudumu leo ana 19. Kumwangalia mtoto wa miaka 13 ni kumshika. Wa miaka 19, sijui. Pengine ni kukaa naye mezani na kipimo cha fundi, rula na sarafu, mkapima pamoja, akaona anachokiona baba mkubwa, nawe ukasikia anachokitaka. Labda atayakataa mwenyewe yale ya Kamembe akisikia sarafu inalia vibaya. Labda sarafu italia vizuri pande zote, na itabidi wewe uvumilie hofu yako kidogo. Mkeo ana haki kwamba pesa ni za vijana. Lakini vijana wale nao wangependa kujua ulichokiona Nyungwe, na nadhani wengi wao hujawahi kuwasimulia hadi mwisho.

Anza na janti ya mbele ya sasa. Leo jioni, kabla ya giza, pitisha kidole. Halafu uniandikie umekuta nini.

Mama Mshauri wenu